Mwandishi wa Rwanda Yuko Ngeli Gani?

Utafiti huu ulianza kwa ndege kuchelewa. Saa nne nzima nilizurura katika duka la vitabu la uwanja mmoja wa ndege huko Ulaya, nikaishia kwenye rafu ya Afrika, ambayo ilikuwa karibu na mlango wa choo. Vitabu saba vya waandishi wa Rwanda vilisimama bega kwa bega: kumbukumbu za nesi, riwaya ya wasichana wa shule ya bweni, hadithi fupi za njaa, kisa cha mtoto anayeiba maembe Bujumbura. Kibao kilichokuwa juu yake kiliandikwa neno moja tu, nalo ni jina la yale mauaji ya 1994. Ile riwaya ya bweni, ambayo nusu yake unaisoma huku unajizuia kucheka, ilikuwa imebanwa kati ya historia ya bunduki ya Kalashnikov na maisha ya jenerali mstaafu.

Mwalimu wa sarufi hawezi kuona jambo kama hilo akanyamaza. Nimefundisha ngeli miaka ishirini na kitu, na kosa hilo nalijua: ni la mwanafunzi wa kidato cha kwanza anayeweka nomino zote ngeli moja kwa sababu zilinyeshewa na mvua moja. Makala haya basi yanakusudia kuziba pengo. (Kila makala ya kitaaluma hukusudia kuziba pengo. Langu lilikuwa na upana wa rafu moja.)

Mkabala unaoniongoza sikuubuni. Nimeuazima kwa Padri Alexis Kagame, aliyezaliwa 1912, akapata upadri 1941, akawa mhariri wa gazeti la Kinyamateka, mwanahistoria, mshairi na mwanafalsafa, akafariki ghafla akiwa safarini Nairobi 1981. Mwaka 1956 ilichapishwa Brussels tasnifu aliyoitetea Roma, ambamo alizichukua ngeli za Kinyarwanda, akazikamua kama ndimu, zikatoka aina nne za vyote vilivyopo duniani. Ya kwanza ni umuntu, kiumbe mwenye akili. Ya pili ni ikintu, kisicho na akili, kuanzia jiwe hadi mnyama. Ya tatu ni ahantu, mahali pamoja na wakati. Ya nne ni ukuntu, yaani jinsi jambo lilivyo. Mzizi wa zote ni -ntu, na mzizi huo hausimami peke yake hata siku moja.

Mswahili hapa hahitaji mkalimani. Mtu na kitu tunavyo. Kwenye ahantu tumekwama kidogo, maana neno letu la asili lilitupotea njiani, tukaazima mahali kwa Mwarabu na kulipa ngeli yake peke yake, kama mgeni aliyepewa chumba cha mbele. Ukuntu ni jinsi, au namna, ambayo nayo tumeyaazima yote mawili. Asije mtu akaichanganya na utu, kwani hilo ni somo la muhula ujao.

Najua wanafalsafa wamemsuta Kagame. Paulin Hountondji wa Benin alishika bango miaka ya 1970 kwamba falsafa haichimbwi kwenye sarufi. Huenda ana haki. Lakini mimi sitafuti falsafa, natafuta rafu.

Kipimo changu ni upatanisho. Unachukua kitabu, unakitungia sentensi, unasikiliza kiambishi kinakaa au kinakwaruza. Umbo la nje lisikuhadae: kifaru ana KI- ya kiti na kijiko, lakini hakuna anayesema kifaru kimelala. Kifaru amelala. Nao waandishi wa Rwanda, kama itakavyodhihirika, wengi wao ni vifaru.

Umuntu, wingi abantu

Ngeli hii hujaa haraka, na ndiyo pekee ambayo lile duka liliijua. Humo huingia waliosimulia kwa nafsi ya kwanza mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Mfano wa darasani ni Yolande Mukagasana, nesi aliyekuwa na zahanati yake Nyamirambo, Kigali, akauliwa mume na watoto watatu. Kitabu chake cha 1997 kina jina ambalo kwa Kiswahili lingekuwa Mauti Hayanitaki. Sasa tunga: kitabu hiki kinasimulia. Inakwaruza. Kikundi cha Groupov cha Ubelgiji kilipotengeneza tamthilia ya Rwanda 94, onyesho la karibu saa sita, walianza na Mukagasana mwenyewe, amekaa kitini mbele ya watu, hana vazi la uigizaji wala jina la mhusika, anasema yaliyompata. Hapo kitabu ameinuka, akatembea, akakaa kitini. Mwanafunzi akiniandikia hivyo kwenye mtihani wa taifa nitampa alama zote.

Ngeli hii ina wingi, na wingi wake unaonekana kwenye jalada. Mukagasana aliandika pamoja na Patrick May. Esther Mujawayo, 2004, pamoja na Souâd Belhaddad. Immaculée Ilibagiza, 2006, pamoja na Steve Erwin. Clemantine Wamariya, 2018, pamoja na Elizabeth Weil. Nje abantu, ndani umuntu. Uchunguzi wangu wa kutumia rula ulionyesha kwamba jina la pili hupenda herufi ndogo, lakini rula haikuweza kuniambia ni nani aliyechagua mahali pa kuweka nukta.

Huyo Ilibagiza tayari anatutia mashakani. Siku 91 yeye na wanawake wengine saba walijificha katika bafu dogo la nyumba ya mchungaji. Shahidi ni mtu, sawa. Lakini ukifunga kitabu, kinachobaki kichwani ni lile bafu: miguu ya nani imekaa juu ya ya nani, nani anakohoa, mlango uko upande gani. Ngeli ya kwanza imeanza kuvujia ya tatu, na sisi bado hatujafika ya pili.

Ikintu, wingi ibintu

Kwa mpango wa Kagame, ng'ombe hana akili ya kibinadamu, kwa hiyo ni ikintu. Kagame mshairi na Kagame mwanafalsafa sijui walisalimiana vipi asubuhi iliyofuata, maana katika Rwanda ya zamani huwezi kugusa fasihi bila kugusa mkia wa ng'ombe. Kulikuwa na ibisigo, tungo za wafalme. Kulikuwa na ibyivugo, majigambo ya mashujaa. Na kulikuwa na amazina y'inka, majina ya ng'ombe, tungo za kuwasifia inyambo, wale wa pembe ndefu zilizopinda kama kinubi. Hata salamu moja ya zamani, amashyo, humtakia mtu makundi ya ng'ombe, naye hujibu amashongore, awe na majike tele.

Mwaka juzi nilialikwa kwenye gusaba no gukwa, posa na mahari, viungani mwa Kigali. Mahema mawili yalitazamana. Wazee wa pande mbili walibishana kwa heshima karibu saa mbili, kila mmoja akijifanya hajui mwenziwe amefuata nini. Mahari ilipokubaliwa akaingia msemaji wa ng'ombe, shuka limefungwa bega moja, fimbo ndefu mkononi, akaanza. Sijapata kusikia mtu anasema haraka hivyo bila kuvuta pumzi. Maneno yalimtoka kama mtama unaomiminwa kutoka gunia, yakapanda, yakaviringika, yakakatika ghafla, na watu wakaguna kwa raha. Jirani yangu, mzee wa koti la kijivu, alinitafsiria sikioni kwa Kiswahili chake cha Nyamirambo.

"Anasema pembe zake zinapasua mawingu, mwalimu. Anasema akipita, ng'ombe wa watu wengine wanasimama pembeni."

Nikanyoosha shingo nimwone huyo ng'ombe. Alikuwa amefungwa kwenye mti nyuma ya hema, ng'ombe wa maziwa mwenye mabaka meusi na meupe, ukubwa wa kabati, anatafuna. Pembe hana. Zilikatwa angali ndama.

"Mzee, mbona hana pembe?"

"Atakuwaje hana, na wewe umezisikia?"

Nimelitafakari jibu hilo kuliko vitabu vingi vya nadharia ya fasihi nilivyolazimishwa kusoma. Linaeleza pia kwa nini wanawake wa Rwanda wakicheza hunyanyua mikono juu, wakaipinda, na kichwa chenye pembe kikatokea mahali ambapo hakuna ng'ombe kabisa.

Turudi kwa padri wetu. Mwaka 1949 Kagame alichapisha shairi la Indyohesha-birayi, yaani kile kinachokoleza viazi, na kinachokoleza viazi humo ni nyama ya nguruwe. Elewa ukubwa wa utundu huo. Washairi wa ikulu walikuwa wametumia karne kadhaa kumshonea ng'ombe joho la maneno, na nguruwe katika nchi hiyo hakuwa na heshima hata ya kuombewa njia. Kagame akalichukua joho la ng'ombe, akamvika nguruwe, likamkaa sawasawa. Kwa jina lenyewe hakumtaja, alitaja kazi anayoifanya kwenye sahani.

Hapa mtafiti analeta ushahidi wa kulinganisha. Tanzania, nyama hiyohiyo haiitwi jina lake mbele ya watu. Inaitwa kitimoto. Wapo pia wanaoiita mbuzi katoliki, jina ambalo, kwa kuzingatia kazi ya mwandishi wa Indyohesha-birayi, naliona kama mchango wa bahati kwa taaluma. Rwanda baa zinaiita akabenzi, na humo ndani anasikika Mercedes-Benz. Nguruwe basi ndiye mnyama aliyewatungisha Waafrika Mashariki mafumbo mengi kuliko simba, na mshairi wake mkuu alikuwa padri aliyesomea Roma. Hoja hiyo niliitoa kwa mbwembwe katika kongamano moja na nusu ya ukumbi haikucheka. Nusu nyingine waliuliza inauzwa wapi.

Baada ya nguruwe ni vigumu kurudi kwenye huzuni, lakini Scholastique Mukasonga anaweza, na mimi namfuata. Huyu, aliyezaliwa 1956, angeingia ngeli ya kwanza bila kubisha hodi: jamaa zake 37 waliuawa 1994, na kitabu chake cha kwanza, cha 2006, kinawataja. Lakini tazama cha pili, cha 2008, kuhusu mama yake Stefania na maisha yao Nyamata, walikohamishiwa kwa nguvu 1960. Kitabu hicho kimejengwa kwa vitu. Kuna mtama, unavyopandwa na kuvunwa na kunywewa. Kuna inzu, nyumba ya msonge ambayo mama aliijenga nyuma ya kile kibanda cha bati walichopewa, kwa sababu ndani ya pembe nne hakujiona yuko kwake. Na kuna nguo. Stefania aliwausia mabinti zake kwamba siku akifa waufunike mwili wake, maana maiti ya mama haitazamwi. Siku ilipofika, binti alikuwa mbali na hapakupatikana mwili wa kufunika. Akaandika kurasa zikae badala ya nguo.

Upatanisho: nguo ni I-ZI. Kitabu imemfunika mama. Darasani ningeipigia mstari mwekundu.

Ahantu

Mhariri wa jarida aliyesoma rasimu ya makala haya aliniandikia pembeni kwamba mahali na wakati haviwezi kukaa ngeli moja, na kwamba hapo Kagame aliteleza. Nilimjibu kwa neno moja: ejo. Kwa Kinyarwanda ejo ni jana. Ejo pia ni kesho. Kitenzi ndicho kinachoamua, na kama kitenzi hakijafika, unangoja ukiwa katikati, leo, huna pa kwenda. Mhariri hakuandika tena.

Beata Umubyeyi Mairesse, mzaliwa wa Butare, 1979, alikipa kitabu chake cha kwanza cha hadithi, 2015, jina hilohilo: Ejo. Jina hilo lingenitosha kumweka ngeli ya tatu. Lakini 2024 alitoa kingine, kuhusu msafara. Tarehe 18 Juni 1994 shirika moja la kuwahudumia watoto lilivusha watoto kutoka Butare hadi Burundi. Ruhusa ilikuwa ya wadogo, walio chini ya miaka 12. Yeye alikuwa na miaka 15, akavuka akiwa amejificha ndani ya lori pamoja na mama yake. Miaka mingi baadaye, akiwa mama wa watoto wake huko Bordeaux, alianza kutafuta picha zilizopigwa na wanahabari siku ile, kuona kama na yeye yumo. Kitabu ni msako huo: barua kwa wapiga picha, safari, sura za watoto zinazokuzwa hadi zinakuwa nukta tupu, na swali la nani mwenye haki ya picha ya mtoto ambaye hakuulizwa. Picha ni kitu. Lori ni kitu. Lakini mpaka wa Burundi na tarehe 18 Juni, katika kitabu hicho, havitengani. Ukiuliza "wapi" unajibiwa "lini".

Hayuko peke yake. Gilbert Gatore aliipa riwaya yake ya 2008 jina linaloweka yaliyopita mbele ya mtu, pale ambapo sisi wengine tumezoea kuweka yajayo. Zamani zaidi, 1950, Saverio Naigiziki alichapisha Brussels shajara ya karani wa miaka 30 anayetangatanga mbali na kwao, mbele yake barabara, nyuma yake matatizo. Hakuna duka la uwanja wa ndege lililonayo. Imeandikwa mapema mno, miaka 44 kabla ya mwaka ambao rafu inauhitaji.

Kesi ngumu ni ya Gaël Faye. Alizaliwa Bujumbura 1982, baba Mfaransa, mama Mnyarwanda mkimbizi. Riwaya yake ya kwanza, 2016, iko karibu yote Bujumbura, katika kichochoro chenye maembe, wavulana wa kuyaiba, na jirani mwanamke wa asili ya Kigiriki anayemwazima mtoto vitabu. Ya pili, Jacaranda, 2024, ndiyo inayoingia Rwanda barabara, nayo ikapata tuzo ya Renaudot, ileile aliyopata Mukasonga 2012. Warundi wanamdai, Wanyarwanda wanamdai, Wafaransa wanampa tuzo. Kwenye fomu yangu ya uainishaji, kwenye kisanduku cha "Nchi", niliandika mahali, kwa herufi ndogo, kwa sababu ngeli hiyo inaweza kubeba PA-, KU- na MU- kwa pamoja: papo hapo Kigali anapoishi, kule Ufaransa, humo kichochoroni. Albamu yake ya muziki ya 2013 inaitwa kwa Kifaransa pilipili juu ya kruasani ya siagi. Neno la kwanza tu ndilo letu, na ndilo linalowasha.

Sasa lazima nikiri jambo ambalo mtaalamu wa uainishaji halipendi. Riwaya ya Mukasonga ya 2012, ile ya bweni, iko juu milimani, kwenye shule ya masista karibu na chemchemi ya Nile, ambako mabinti wa wakubwa wanalelewa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Shambani jirani anaishi mzungu mmoja, Fontenaille, mwenye nadharia. Ameamua kwamba Watutsi walitoka Misri ya Mafarao. Anamchukua mwanafunzi mmoja, Veronica, anamchora kama mungu mke Isis, anamjengea hekalu, anampima uso kwa macho. Mwanzo unamcheka. Ana madaftari, ana michoro, ana aina zake. Kisha unaona yanayompata Veronica.

Nchi hii iliwahi kuainishwa na watu makini kuliko mimi. Kuanzia miaka ya 1930 Wabelgiji waliwapa watu vitambulisho vilivyoandikwa kabila, mtu mmoja ngeli moja, bila upatanisho wala kifaru, na 1994 vitambulisho hivyo ndivyo vilivyosomwa kwenye vizuizi vya barabarani. Fontenaille ni mtani wangu wa karibu kuliko ninavyopenda. Nilipofika ukurasa ule niliiweka rula kwenye droo.

Ukuntu

Ngeli ya jinsi ni ya kupita haraka, si kwa sababu ni tupu bali kwa sababu haikamatiki. Mjerumani Janheinz Jahn, aliyemtangaza Kagame kwa wasomaji wa Ulaya 1958, aliingiza humo hata uzuri na kicheko. Mpaka hapo ningeweza kumhamishia humu Mukasonga mzima, meza na kiti.

Jadi inampa mwanamke mmoja, Nyirarumaga, wa zama za mfalme Ruganzu Ndoli, heshima ya kuwa mwanzo wa kisigo, umoja wa zile ibisigo. Kisigo ni jinsi: jina la mfalme linafichwa kwa kisawe, kisawe kinafichwa kwa neno linalofanana nalo kwa sauti, na msikilizaji anayejua anafumbua kimoja kimoja kama anayemenya kitunguu. Mpenzi wa mafumbo ya pwani yetu angejisikia nyumbani, ila angeuliza mizani iko wapi.

Cyprien Rugamba aliichukua jinsi hiyo akaitia miguuni. Alikuwa mshairi, mtafiti wa taasisi ya utafiti ya Butare, na mwanzilishi wa kikundi cha ngoma cha Amasimbi n'Amakombe. Tarehe 7 Aprili 1994 aliuawa nyumbani Kigali pamoja na mkewe Daphrose na sita kati ya watoto wao. Mwanawe Dorcy, mwandishi na mwigizaji wa tamthilia, mmoja wa waliotunga ile Rwanda 94, alisubiri miaka 30 akawaandikia barua. Kitabu cha 2024 kinaitwa Hewa Rwanda, na jina la pili linasema ni barua kwa wasiokuwepo. Hewa. Mswahili anasoma jalada la Kifaransa na neno la kwanza halimhitaji mwalimu.

Kuna pia waandishi wa tamthilia za redio, kama Urunana, inayosikika tangu 1999. Wasikilizaji wao ni wengi kuliko wasomaji wa wote niliowataja, lakini kazi yao haina uti wa mgongo wa jalada, na kisicho na uti hakisimami rafuni.

Mabaki

Kila uainishaji una kapu la mabaki. Langu lilikuwa la wageni. Mwaka 1998 tamasha la Fest'Africa liliwapeleka Rwanda waandishi wa Kiafrika wapatao kumi, na 2000 vitabu vikatoka mfululizo: Boubacar Boris Diop wa Senegal, Véronique Tadjo wa Ivory Coast, Tierno Monénembo wa Guinea, Abdourahman Waberi wa Jibuti, na wengine. Sarufi ina desturi kwa maneno ya kukopa: huyatupia ngeli ya N-, yakae humo yasibadilike. Diop alibadilika. Alirudi kwao, na 2003 akatoa riwaya yake ya kwanza kwa Kiwolofu. Neno la kukopa lililorudi kwao na lugha yake lenyewe sina ngeli yake.

Nilidhani nimemaliza, mpaka jioni yangu ya mwisho Kigali. Tulikaa baa na rafiki yangu anayefundisha Kinyarwanda, tukaagiza kwa ajili ya utafiti. Mhudumu alipoondoka nikasema neno lile tena, polepole: aka-benzi. Aka-. Kinyarwanda kina ngeli ya udogo, umoja aka-, wingi utu-, ile ambayo Kiswahili sanifu kimeiachia watoto na wenye dharau, katoto, kadogo. Hata akantu lipo, kitu kidogo. (Kwetu kitu kidogo ni jambo lingine, na hulipwa mkononi.) Mzizi wake ni ule ule -ntu, lakini padri hakuipa nafasi kati ya zake nne.

"Nini kingine kiko humo?" nikamuuliza.

Akahesabu kwa vidole. "Agaseke, kikapu. Agatogo, ndizi za kupika. Akana, mtoto mdogo. Agaciro, thamani." Akanyamaza kidogo. "Agahinda."

"Agahinda ni nini?"

"Huzuni. Ile kubwa."

"Ikakaa kwa vidogo?"

Akainua mabega. Nikafungua daftari, nikaandika agahinda, na mstari wa chini yake akabenzi, nikaanza kuwahesabu upya waandishi wote kwa ka-: kabafu, kanguo ka Stefania, kapicha kalikokuzwa mpaka nukta, kakichochoro. Nilikuwa nimefika kwa Rugamba sahani ilipowekwa, viazi pembeni, ikiunguruma bado, na mafuta yakaruka. Doa limekaa kati ya mistari ile miwili hadi leo. Limegusa maneno yote mawili.